Siku ya Mtihani Ilikuwa Zamu ya Nani

Mwalimu wa mjukuu wangu ni binti ambaye ningeweza kumzaa, na mwezi uliopita alinikalisha kwenye dawati la mtoto, magoti yakakaribia kunigusa kidevu, akanieleza nitarajie nini kutoka kwa mtoto anayeanza darasa la kwanza. Hakunikalisha peke yangu. Tulikuwa wazazi darasa zima, akina mama wengi na akina baba wachache waliosimama mlangoni kana kwamba walikuwa wanapita tu. Kando yangu alikaa dada yangu Bukuru, pacha wangu, aliyekuja kutoka Kibondo kunisaidia kumwanzisha mtoto shule, maana mama yake anafanya kazi Buhigwe na huja Kasulu mwisho wa wiki. Mwalimu alisema vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema wiki za kwanza mtoto atalia, tusimcheke. Atarudi amechoka na atasinzia kabla ya kula, tusimpige. Herufi atakayoijua leo kesho ataisahau, na keshokutwa itarudi yenyewe bila kuitwa. Baba mmoja pale mlangoni akauliza ni lini hasa mtoto anasoma, kwa sababu wa jirani yake anasoma tayari mabango ya barabarani. Yule binti akatabasamu. "Mzee wangu, usimlinganishe mtoto na mwenzake," alisema. "Kila mtoto ana mwaka wake wa kwanza." Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha puani, na mama aliyekaa mbele yangu akageuka kuniangalia.

Nilicheka kwa sababu mimi sikuwa na mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na nusu, na hata hiyo nusu iliandikwa kwa jina la mwingine. Ningenyamaza nayo kama nilivyonyamaza miaka yote, lakini mwalimu alipogundua kwamba Bukuru ni mwalimu mstaafu alimwomba asimame atoe neno kwa wazazi. Bukuru akasimama, akarekebisha kitenge, akasema kwa ile sauti yake ya mbele ya darasa kwamba yeye amefundisha darasa la kwanza tangu ujana mpaka kustaafu, na kwamba mzazi asikate tamaa, kwani hata yeye alitoka nyumba ambayo hakuna aliyejua kusoma, na bado katika mtihani wa darasa la kwanza alikuwa wa tatu. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nilishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Neno hilo la wa tatu nimelisikia kwenye harusi, kwenye vipaimara, na kwenye sherehe ya kumuaga kazini pale Kibondo, ambako nilikaa meza ya mbele nimevaa gauni nililolishona mwenyewe, nikapiga makofi kama wengine. Safari hii mikono ilikataa.

Siku hizi mtoto anaandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Sisi tuliandikishwa kwa sikio. Mwalimu mkuu alikuwa anakaa kwenye kiti nje ya ofisi, watoto wanapita mbele yake mmoja mmoja, unainua mkono wa kulia, unaupitisha juu ya kichwa, unajaribu kushika sikio la kushoto. Ukilifikia, umri umetimia, unaandikwa. Bukuru alilishika lake mpaka akalivuta. Mimi vidole vyangu viliishia kwenye nywele. Niliinamisha kichwa upande, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma, na mwalimu mkuu akasema nisimame wima. Mama alijaribu kumweleza kwa Kiswahili chake kidogo kwamba hawa wamezaliwa siku moja, tumbo moja, na kwamba haiwezekani mmoja awe mkubwa na mwingine mdogo. Yule bwana alikuwa mgeni kutoka mkoa wa mbali, hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu na foleni ilikuwa ndefu. "Huyu anafika, huyu bado," akasema. "Mlete mwakani." Akaandika Bukuru. Mha yeyote akisikia jina Bukuru anajua kuna Butoyi mahali, kwa sababu hayo ndiyo majina ya pacha, mkubwa na mdogo. Lakini daftari la shule halikuwa linajua Kiha.

Sasa lazima nieleze habari za mama, au angalau za mikono yake. Kwetu pacha hawapewi tofauti. Ukimsalimia mmoja unamsalimia na wa pili, ukimpa mmoja nguo na mwenzake anapata, la sivyo aliyenyimwa ataugua, na akiugua kila mtu atajua ni nani aliyemfanya augue. Mama aliishika sheria hiyo kuliko padri anavyoshika misa. Muhogo wa kuchoma aliuvunja vipande viwili, akavilaza sambamba kwenye kiganja, akaviangalia kwa jicho moja, na kile kilichozidi akaking'ata ncha, akatafuna mwenyewe, kisha akatugawia. Nadhani mama alikula utoto wetu wote hivyo, ncha kwa ncha. Kwa hiyo jioni ile tuliyotoka shuleni alikaa jikoni, akasonga ugali wa muhogo, akatupakulia, na tulipomaliza kunawa akatoa hukumu. Kiti ni kimoja, watoto ni wawili. Leo ataenda huyu, kesho yule. Gauni la shule ni moja na jina ni moja, Bukuru. Mvua ikiharibu siku ya mtu, imeharibika, hairudishwi. Hatukuona ajabu yoyote. Nilifurahi mpaka nikalala vibaya.

Hivyo ndivyo nilivyosoma darasa la kwanza. Asubuhi ya zamu yangu nilivaa gauni lenye jasho la Bukuru kwenye kola, nikachukua fagio, kidumu cha maji na fungu la vijiti vya kuhesabia, nikaenda kuitika jina lake. Darasa zima lilijua. Walikuwa watoto wa majirani, wametuona tangu tunatambaa, na hakuna aliyekwenda kusema, kwa sababu kwao hapakuwa na la kusema. Pacha wanagawana, basi. Asiyejua alikuwa mwalimu wetu tu, Mwalimu Mwanaisha, aliyeletwa kutoka Tanga, mwanamke mnene mwenye sauti tamu ambaye Kiswahili chake tulikisikia kama kinaimbwa. Kwake sisi sote tulikuwa wageni, kama yeye alivyokuwa mgeni kwetu. Alituona sura moja, gauni moja, jina moja, na hakuwa na sababu ya kutafuta mtoto wa pili.

Jioni aliyekwenda alimfundisha aliyebaki. Tulikaa upande mmoja wa mafiga, mama upande wa pili, tukachora herufi kwenye majivu kwa kijiti. Zamu yangu nilimletea Bukuru kila kitu, nilimletea hata namna mwalimu alivyoshika chaki. Zamu yake yeye aliniletea habari za nani amechapwa na nani amejikojolea, na kuhusu ya ubaoni aliniambia, "Leo hakuna kitu, tumeimba tu." Baadaye nikagundua kwamba wenzangu wanajua ma, me, mi na mimi nimeruka kutoka la, le, li kwenda na, ne, ni. Nikawa naziba mashimo yangu mwenyewe, nawauliza watoto njiani, nasoma gunia, nasoma bati la mafuta, nasoma karatasi iliyofungiwa chumvi. Bukuru hakuziba yake. Si kwamba alikuwa mjinga. Alipenda shule kama mahali pa kuwa, mimi niliipenda kama kitu cha kula, na nilikuwa na njaa siku moja kila baada ya siku moja.

Kuna alasiri moja Mwalimu Mwanaisha alikuja nyumbani bila taarifa. Mama alimwona anapanda kilima, akamsukuma Bukuru jikoni, akavuta mlango, akaniacha mimi uani. Mwalimu alikaribishwa kigoda, akapewa kikombe cha uji, akasifu uji, ndipo akasema kilichomleta. Maneno yake ninayo mpaka leo. "Mama Bukuru, huyu mtoto wako ana akili za kupokezana. Leo anazo, kesho hana. Jana kanisomea ubao mzima, juzi nilimwuliza herufi moja akanitazama kama hajawahi kuniona. Mpe chakula asubuhi, huenda ni njaa. Maana mtihani unakuja, na asiyejua atarudia." Mama akaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, kila mahali, hata pale ambapo jibu lilikuwa hapana. Jana ilikuwa siku yangu. Nilikaa pale uani nimevimba kichwa, nasifiwa mbele ya mama yangu kwa jina la mtu mwingine. Sikufikiri kwamba nyuma ya mlango wa jiko, ndani ya moshi, mwenye jina alikuwa anasikia pia.

Wiki ya mtihani mama yetu mdogo, yule wa Makere, alikuja kutusalimia akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Siku moja kabla ya mtihani shule haikufunguliwa, kwa sababu mzee aliyeishi jirani na shule alifariki na walimu wote walikwenda kuchimba na kuzika. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Kwa sheria ya mama ilikuwa imeharibika, na mtihani ulikuwa wa Bukuru. Nililia kutwa nzima, kwanza kwa sauti, halafu kimya ili nionekane. Asubuhi yake nikaamshwa mimi. Uji ulikuwa tayari, gauni lilikuwa limepigwa pasi ya mkaa iliyoazimwa, na mkeka wa Bukuru ulikuwa mtupu. Mama akasema Bukuru amekwenda Makere na mama mdogo, atakaa huko siku chache, na kwamba zamu yangu ya jana imehamia leo. Sikuuliza tangu lini zamu zinahama. Mtoto akipewa haki yake haulizi imetoka wapi. Nilikunywa uji ule, nikaenda mbio.

Mtihani wa darasa la kwanza ulikuwa kusimama mbele ya mwalimu. Nilisoma mistari yote ubaoni, nikapanga vijiti nikahesabu, nikajumlisha, nikatoa. Mwisho Mwalimu Mwanaisha akanipa chaki akasema, "Haya, niandikie jina lako." Nikaandika Bukuru. Niliandika vizuri, herufi zimesimama, akanishika bega. Hilo ndilo jina la kwanza nililowahi kumwandikia mtu. La kwangu sikuwa nimewahi kuliandika popote, hata kwenye majivu.

Siku ya kufunga shule Bukuru alikuwa amerudi kutoka Makere, na ilikuwa zamu yake, safari hii kwa sheria kabisa. Mimi nilisimama na mama nyuma ya wazazi. Wakasoma majina, wa kwanza, wa pili, wa tatu Bukuru. Wazazi wakapiga makofi, na dada yangu akapita katikati ya watu na gauni lile, akapokea penseli mpya kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, akainama. Sikumwona akitabasamu, lakini sikujali. Nilimvuta mama khanga nikamwambia ile ni yangu. Mama akasema ni yenu. Tulipofika nyumbani akaiweka penseli juu ya gogo la kupasulia kuni, akapima kwa kucha, akaikata katikati kwa kisu cha jikoni. Nusu yangu ilikuwa ile isiyochongwa. Ninaandika haya nikiwa na wajukuu na bado nasikia kile kisu.

Januari mkono wangu ulifika sikioni bila taabu, nikaandikwa Butoyi. Bukuru akaenda darasa la pili na nusu ya elimu, mimi nikaanza la kwanza upya nikiwa najua kila kitu. Siku ya kwanza tuliingia uwanjani pamoja, magauni mawili, na Mwalimu Mwanaisha akatuona. Alisimama na boksi la chaki, akamtazama huyu, akamtazama huyu, akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akanitazama mimi peke yangu kwa muda mrefu, akaingia darasani. Hakusema kitu, mwaka mzima hakusema kitu. Alinipa kazi ya kufuta ubao. Niliketi dirishani nikisikiliza wenzangu wanaimba herufi nilizokwisha kuzimaliza, na kitu fulani ndani yangu kikalala. Kilichofuata hakina maajabu. Bukuru alisonga, akarudia hapa na pale, akaingia chuo cha ualimu. Mimi nilimaliza la saba, sikuchaguliwa, nikanunuliwa cherehani, na ndiyo inayonilisha mpaka leo. Sisemi kwamba yote yalitokana na asubuhi ile. Nasema kwamba kila nilipokwama nilikumbuka asubuhi ile, na hiyo ni sumu ya kutosha kumlewesha mtu maisha mazima.

Basi tulipotoka kwenye kikao cha wazazi, mjukuu akiwa mbele yetu anaburuza begi linalomzidi, nilimwambia. Sikupanga. Nilisema tu, "Wa tatu nilikuwa mimi."

Bukuru hakusimama, hakunigeukia. "Najua," alisema.

"Basi kwa nini unalisema kila mahali?"

"Nalisema ili nizoee. Sijazoea."

Tukapita mbele ya maduka. Alikuwa anatembea polepole, kama mtu anayehesabu mashimo ya barabara. Halafu akaniuliza kama nafahamu siku ile ya mtihani ilikuwa zamu ya nani. Nikamwambia yangu, ilihamia, kwa sababu ya msiba. Ndipo aliposimama. "Butoyi, mama aliwahi kuhamisha zamu ya nani? Ile mvua iliyobomoa daraja nilipoteza siku yangu, alinirudishia? Wewe ulipougua jicho, alikurudishia?" Kweli, hakuwahi kurudisha. Akanieleza kwamba jioni ile, mimi nikiwa uani nalilia zamu yangu, yeye alikuwa nyuma ya mlango wa jiko ameshika sahani, na ndani mama alikuwa anaongea na mama mdogo kwa sauti ya chini. Mama alisema yule mkubwa atatuaibisha, mchukue uende naye Makere, huyu mdogo ndiye anayejua. Kesho yake alipandishwa lori la mahindi kabla sijaamka. Njia nzima alimwambia mama mdogo kwamba anajua kusoma, akasoma maandishi ya ubavuni mwa lori ili ahakikishe, akayasoma sawasawa, na mama mdogo, ambaye hakujua hata irabu, akamwambia vizuri, sasa kula ndizi.

"Wewe ulinyang'anywa jina," Bukuru alisema. "Mimi nilinyang'anywa mtihani. Darasa la pili nilichapwa kila siku kwa sababu mwalimu aliambiwa huyu alikuwa wa tatu, anajifanya tu. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza miaka yangu yote, na kila nikimsimamisha mtoto ubaoni nasimama na mimi. Ningefaulu, au nisingefaulu? Hakuna mtu wa kuniambia."

Nilikuwa nimembeba huyu dada miaka yote kama mwizi wangu, na sasa naambiwa tuliibiwa wote, siku moja, na mkono uleule uliokuwa unang'ata ncha ya muhogo ili tusizidiane. Mama alitupima mara moja tu kwa kweli. Aliniona mimi nimezidi, na akakichukua kilichozidi akakiweka kwenye jina la mwenzangu, kwa sababu jina lilikuwa moja na aliogopa kiti kisije kikapotea. Nataka kusema alitupenda, na nadhani alitupenda. Lakini alikwisha kuzikwa, na mimi nina hasira na mtu ambaye siwezi kumwendea hata kumwuliza, na nimechelewa kuwa na hasira na mwenye haki nayo. Miaka yote hiyo nimemmwagia mtu mwingine, ambaye alikuwa anaimwaga yake kwangu.

Mjukuu alikuwa amesimama kwa mama anayechoma mihogo kando ya barabara, anatuangalia kwa yale macho ya kuomba bila kuomba. Bukuru akamnunulia wa kwake, na mwingine mmoja wa kugawana sisi wawili. Akauvunja. Akavilaza vipande sambamba kwenye kiganja, akafumba jicho moja, akaking'ata ncha kile kilichozidi, akanipa. Niliviangalia vyote viwili. Vilikuwa sawa kabisa. Nilikula changu chote, na hasira haikupungua.